VYAMA VYETU NA MAGAZETI: HABARI ZA TANGU 1921 HATA LEO

Katika mkutano mkuu uliopita wanachama kadha wa kadha walisimama wakauliza kwa nini waandishi wa magazeti na watu wa televisheni walikuja Kihoto kwa mashua maji ya Ziwa Naivasha yalipotufika viunoni, na hawakuonekana tena maji yalipopungua yakabaki matope, magonjwa na kodi ya nyumba. Mwanachama mmoja aliuliza zaidi: je, barua zetu huenda wapi? Halmashauri haikuwa na jibu siku ile, ikanitaka mimi karani wenu niandike katika taarifa hii ya mwaka habari fupi ya namna vyama vya watu wa nchi hii vilivyotafuta kusikilizwa kwa njia ya magazeti, na baadaye redio. Nimetii, ijapokuwa habari yenyewe si fupi, na mahali pengi nimelazimika kuruka miaka mizima.

Jina la mtaa wetu lenyewe lina shauri ndani yake. Katika Kikuyu neno hilo lina maana ya haki, au hoja ya haki ambayo mwenye kuisikia hawezi kuikataa; na wazee husema kwamba hoja ya namna hiyo huvunja upinde uliokwisha kuvutwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa barazani, ambako mwenye upinde na mwenye hoja walikaa wakitazamana. Shida ya vyama vya siku za ukoloni ilikuwa kwamba mwenye upinde alikaa Nairobi au London, na mwenye hoja alikuwa shambani kwa setla huku Naivasha, au katika soko la Pumwani, hana njia ya kumfikia.

Wa kwanza kuijua njia hiyo hawakuwa Waafrika. Mwaka 1902 tajiri wa Kihindi, Bwana A. M. Jeevanjee, alianzisha gazeti la African Standard kule Mombasa. Mwaka 1905 aliliuza kwa Waingereza, likaitwa East African Standard, na mwaka 1910 likahamia Nairobi. Tangu hapo lilikuwa sauti ya masetla. Nao masetla hawakutegemea gazeti peke yake: walikuwa na vyama vyao vya kila wilaya, na jumuiya kubwa iliyoviunganisha vyote, na wakuu kama Lord Delamere, ambaye mashamba yake yalikuwa papa hapa Bonde la Ufa. Chama kilipitisha azimio, gazeti likalichapa asubuhi, Gavana akalisoma akinywa chai. Naandika hivi bila ya kejeli. Ilikuwa kazi ya ufundi, na babu zetu waliitazama kwa makini kuliko masetla walivyodhani.

Mmoja wa waliotazama alikuwa Harry Thuku. Kabla ya kuwa mtu wa siasa alifanya kazi katika kiwanda cha gazeti jingine la masetla, Leader of British East Africa, akipanga herufi za risasi moja moja. Mtu apangaye herufi husoma kila neno, tena husoma kinyume. Basi Thuku aliyajua mawazo ya masetla kabla wasomaji wao hawajayajua. Baadaye alikwenda kuwa mpokea simu katika ofisi ya Hazina, Nairobi. Mwaka 1921, bei ya mazao ilipoanguka, masetla waliazimia kupunguza mshahara wa Waafrika kwa theluthi moja. Wakati huo huo kulikuwa na kipande shingoni, kodi ya kichwa na ya nyumba, na wasichana waliotolewa kwa nguvu kwenda kufanya kazi mashambani. Thuku na wenzake wakaunda chama, ambacho kilipanuka upesi kikaitwa East African Association, kwa kuwa hawakutaka kiwe cha kabila moja.

Yafaa kuangalia chama hicho kilivyofanya kazi, maana mambo yake matatu yamerudiwa na kila chama kilichokuja nyuma. Kilifanya mikutano ya hadhara. Kilipeleka simu ya maandishi moja kwa moja London kwa Waziri wa Makoloni, kikiwapita machifu na Wakuu wa Wilaya. Na kwa kuwa hakikuwa na mtambo wa kuchapia, kilikwenda kwa Bwana M. A. Desai, Mhindi mwenye kuhariri East African Chronicle, akakichapia karatasi zake. Jambo la tatu ndilo lililowakasirisha watu zaidi. Thuku alisema hadharani kwamba, baada ya wamishonari, Wahindi ndio rafiki bora wa Waafrika. Machifu wakachukizwa, na Serikali ikaona hatari ya watu wa rangi mbili kushirikiana wino mmoja. Thuku aliachishwa kazi. Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa, na tarehe 16 umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi kumdai. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliwatolea wanaume maneno makali ya kuwaaibisha kwa kusitasita kwao, umati ukasonga mbele, askari wakapiga risasi. Hesabu ya Serikali ilisema watu 21 walikufa. Wengine walihesabu wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwao. Thuku alihamishwa Kismayu, na miaka minane au zaidi ikapita kabla hajarudi kwao.

Wasomaji wa kitabu hiki, ambacho kwenye jalada lake kimeandikwa neno usitawi, wangependa kujua kwamba neno hilo nalo lina historia yake. Mwezi wa Desemba 1921, kule Nyanza, walimu waliosoma Maseno waliunda Young Kavirondo Association chini ya Bwana Jonathan Okwiri. Mashtaka yao yalifanana na ya Thuku. Serikali, ikiogopa damu ya Nairobi isirudiwe Kisumu, ilifurahi Archdeacon Walter Owen wa C.M.S. alipoingia kukiongoza chama hicho. Na mwaka 1923 kikageuzwa jina kikawa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association. Tangu hapo wanachama waliahidi kuua panya, kuchimba vyoo, kupanda miti na kulala vitandani. Wengi wamekicheka chama hicho kwa kusema kwamba kilifugwa. Mimi nasita kucheka. Choo ni choo, na mwenye kuishi Kihoto baada ya mafuriko hawezi kukidharau. Tena huyo Owen, ambaye wenzake Wazungu walimwona msumbufu, alikuwa akiandika barua kwa gazeti la Manchester Guardian kule Uingereza juu ya kazi za kulazimishwa, na barua hizo ziliisumbua Serikali kuliko mikutano mingi. Lakini ni kweli pia kwamba aliyeziandika alikuwa Mzungu, na kalamu ilibaki mkononi mwake.

Kikuyu Central Association, iliyotokea katikati ya miaka ya 1920, iliamua kuishika kalamu yenyewe. Mwaka 1928 ilimchukua Johnstone Kenyatta, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya maji ya mji wa Nairobi, akawa katibu mkuu, na mwezi wa Mei mwaka ule ule likatoka gazeti la kila mwezi, Muigwithania, yaani mpatanishi, yeye akiwa mhariri wake. Lilikuwa gazeti la upole. Lilihimiza masomo, kazi na umoja, na kuyasema mambo ya ardhi kwa mithali. Tunajua alikofika mhariri wake. Gazeti halikufika mbali kadiri hiyo: mwaka 1940, wakati wa vita, K.C.A. ilipigwa marufuku.

Huku kwetu, wakati huo, aliyetaka kusoma gazeti lolote alilisoma kwa siri ya nyumba. Watu wa mashamba ya Naivasha, Gilgil na Nakuru walikuwa maskwota. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wamfanyie setla kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili wapate mahali pa kulima na kulisha. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wao walifagiliwa mbali, hata wazee wakaiita habari ile kifagio. Sheria mpya ya mwaka 1937 ikayapa mabaraza ya masetla ya kila wilaya amri ya kupunguza ekari na mifugo ya skwota na kuongeza siku zake za kazi. Angalieni basi: masetla walikuwa na chama, gazeti na baraza, skwota alikuwa na mkataba wenye alama ya kidole gumba.

Kisa cha Olenguruone, upande wa magharibi wa wilaya ya Nakuru, kinaonyesha hali hiyo. Mwaka 1941 Serikali iliwapa mahali hapo watu waliokuwa wamefukuzwa katika nchi ya Wamasai. Wao waliamini wamepewa ardhi kuwa fidia. Serikali ikasema ni wapangaji tu, tena wakubali masharti ya kilimo. Walikataa. Walipeleka malalamiko, wakaweka mawakili, wakatuma wajumbe Nairobi, na walipoona hoja yao haifiki popote wakafungana kwa kiapo, wanaume, wanawake na watoto. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wameondolewa kwa nguvu, wengi wakapelekwa Yatta kwenye jua na ukame. Wanahistoria wengi hukitaja kiapo cha Olenguruone kuwa chanzo kimoja cha yale yaliyokuja mwaka 1952. Mimi huzitaja zile barua kwanza.

Baada ya vita vya 1939 hata 1945 mambo yalifunguka kwa kasi. Kenya African Union ilianzishwa mwezi wa Oktoba 1944, wakati mmoja na Bwana Eliud Mathu kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, Mwafrika wa kwanza. Chama kilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Sauti ya Mwafrika. Katibu wake wa kwanza alikuwa Bwana Francis Khamisi, ambaye alikuwa ametoka katika Baraza, gazeti la Kiswahili lililoanzishwa na kampuni ya Standard mwaka 1939. Hapo tunaona tena kisa cha Thuku: ufundi ulijifunzwa katika nyumba ya mwenye nguvu, ukatumiwa nje. Mwaka 1945 Bwana Henry Muoria, gadi wa reli aliyejifunza uandishi wa magazeti kwa njia ya posta, aliacha kazi yake akaanzisha Mumenyereri, yaani mlinzi. Gazeti hilo la Kikuyu lilinunuliwa na watu maelfu, na kila nakala ilisomwa na wengi, maana mmoja alisoma kwa sauti na kumi wakasikiliza. Bwana Bildad Kaggia alikuwa na Inooro ria Agikuyu, yaani jiwe la kunolea. (Vijana wanaolijua jina la Inooro kwa redio tu wajue kwamba neno hilo lilikuwa gazetini kabla baba zao hawajazaliwa.)

Kule Nyanza, Bwana Oginga Odinga na wenzake waliunda kampuni ya akiba na biashara, na katika mambo waliyoyanunua kulikuwa na mtambo wa kuchapia, ukawekwa Nairobi. Huu ulikuwa uamuzi wa busara kuliko watu wanavyodhani. Wahariri wengi wa Kiafrika walikuwa wakichapiwa na Wahindi, kama vile Bwana G. L. Vidyarthi, ambaye alifungwa gerezani katika miaka ile kwa maneno yaliyoitwa ya uchochezi. Mwenye mtambo alipotishwa, gazeti la mtu mwingine lilikufa. Aliyekuwa akihariri gazeti la Ramogi siku zile alikuwa kijana mmoja, Bwana Achieng Oneko. Naomba msomaji alishike jina hilo.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa. Oneko na Kaggia walikamatwa pamoja na Mzee Kenyatta, wakashtakiwa Kapenguria. Magazeti ya Kiafrika yalipigwa marufuku moja baada ya jingine. Muoria alikuwa amekwenda London siku chache kabla, hakuweza kurudi. Alifanya kazi ya ugadi katika treni za chini ya ardhi za mji ule, akaendelea kuandika kurasa ambazo kwa miaka mingi hakuna aliyezichapa, akafa huko mwaka 1997. Tarehe 26 Machi 1953 kituo cha polisi cha Naivasha kilivamiwa, wafungwa wakafunguliwa na bunduki zikachukuliwa, na usiku ule ule yakatokea mauaji ya Lari. Mwezi wa Juni K.A.U. nayo ilifungwa. Ikawa kwamba watu wa Bonde la Ufa walikuwa na mambo makubwa kuliko wakati wowote, na hawana hata karatasi moja ya kuyaandikia. Yaliyoandikwa juu yao yaliandikwa na wengine, na ndiyo sababu hata leo mjukuu akitaka kujua babu yake alifanya nini mwaka 1953 hana budi kusoma maneno ya afisa wa upelelezi.

Pengo hilo lilijazwa na vyama vya wafanya kazi. Bwana Tom Mboya, aliyekuwa mkaguzi wa afya wa mji wa Nairobi, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho lao tangu mwaka 1953, na kwa kuwa vyama vya siasa vilikatazwa, yeye alisema juu ya mishahara na nyumba, na ndani ya mishahara na nyumba akatia kila kitu. Mwezi wa Machi 1955, makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, alikwenda kusuluhisha, na magazeti ya Uingereza yakalijua jina lake. Alijua kumpa mwandishi wa gazeti habari fupi, yenye hesabu sahihi, kabla ya saa ya kuchapa. Hili laonekana jambo dogo. Nimesoma majalada ya chama chetu, na naweza kushuhudia kwamba barua zetu nyingi zina salamu za ukurasa mzima, kisha shida yenyewe iko katika mstari wa mwisho.

Sasa nirudi kwa Achieng Oneko. Katika kesi ya Kapenguria hukumu yake ilitanguliwa katika rufani, lakini hakuachiliwa. Alikaa kizuizini mpaka mwaka 1961. Mwaka 1963 watu wa mji wa Nakuru walimchagua kuwa mbunge wao, ijapokuwa alikuwa Mjaluo, na wengi wa waliompigia kura hawakuwa wa kabila lake. Sijui uchaguzi mwingine wa mkoa huu ninaopenda kuwasimulia watoto kuliko huo. Mzee Kenyatta alimfanya Waziri wa Habari na Utangazaji, na mwaka 1964 redio ilitwaliwa na Serikali ikaitwa Sauti ya Kenya. Sababu ilikuwa njema: shirika lile liliundwa na wakoloni, na Taifa jipya lilitaka sauti yake. Mwaka 1966 Oneko alijiuzulu, akamfuata Odinga katika chama cha upinzani cha K.P.U., akakipoteza kiti cha Nakuru. Mwaka 1969 K.P.U. ilipigwa marufuku, naye akawekwa kizuizini mpaka mwaka 1975. Mtu huyo, aliyekuwa mhariri, kisha mfungwa, kisha waziri wa redio, alifungwa tena na Serikali ambayo yeye mwenyewe aliikabidhi kipaza sauti. Sisemi kwamba alikosa. Nasema kwamba wakati ule takriban kila mtu aliamini kwamba Serikali ikiwa yetu, redio yake itakuwa yetu pia, na vyama vya wananchi havina haja tena ya kupaza sauti.

Magazeti ya kuuzwa yaliendelea kwa njia yake. Taifa lilianza kuwa gazeti la Kiswahili mwaka 1958, likanunuliwa na Aga Khan, na mwaka 1960 Taifa Leo na Daily Nation zikawa magazeti ya kila siku. Makanisa yalikuwa na Lengo kwa Kiswahili na Target kwa Kiingereza, na kwa miaka kadha hayo yalithubutu kusema ambayo makubwa hayakusema. Mwaka 1983 chama cha KANU kilipata gazeti lake, Kenya Times. Hapo ndipo nataka kukaa kidogo, maana ndipo palipotokea ugomvi ulio wazi kuliko yote kati ya chama cha wananchi na biashara ya magazeti.

Mwaka 1989 ilijulikana kwamba shirika la Kenya Times, likishirikiana na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell, litajenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ambayo watu wa Nairobi hupumzikia Jumapili. Jumba hilo lingekuwa na ofisi za gazeti na za chama tawala. Profesa Wangari Maathai, ambaye utotoni alikaa katika shamba la setla karibu na Nakuru ambako baba yake alikuwa mfanya kazi, alikuwa kiongozi wa Green Belt Movement, chama cha akina mama wapanda miti kilichoanzishwa mwaka 1977. Alifanya nini? Aliandika barua. Aliwaandikia wakuu wa Kenya Times wenyewe akiuliza kama habari ni kweli. Aliandika kwa ofisi za Serikali, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, kwa balozi wa Uingereza. Na nakala za barua hizo akawapa waandishi wa magazeti. Wabunge walimkejeli Bungeni mwezi wa Novemba. Mahakama Kuu ilikataa kesi yake. Chama chake kilifukuzwa katika ofisi za Serikali kilimokuwa kwa miaka mingi. Lakini habari zilikuwa zimekwisha kufika nchi za nje, na waliotazamiwa kukopesha fedha wakaanza kuuliza maswali; jumba likapunguzwa, kisha likaachwa kabisa. Bustani ingalipo. Gazeti la Kenya Times lilikoma mwaka 2010.

Wanachama wanaosema kwamba barua hazina faida na waikumbuke habari hiyo. Hata hivyo sitaki kuwadanganya: bustani iko katikati ya Nairobi, mbele ya madirisha ya hoteli wanamokaa waandishi wa nje. Maela haiko mbele ya dirisha la mtu. Mwezi wa Oktoba 1993 watu walifukuzwa Enoosupukia kwa mapigano, maelfu wakakimbilia Maela, si mbali na hapa tulipo, wakakaa chini ya karatasi za nailoni. Baraza la Makanisa lilisema, Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru alisema, magazeti yakaandika. Mwezi wa Desemba 1994 kambi ikavunjwa usiku, watu wakapakiwa katika malori na kushushwa mbali katika Mkoa wa Kati. Wapo miongoni mwetu waliopanda malori hayo. Habari ilichapishwa, na ilichapishwa vizuri, na kambi ilivunjwa vile vile.

Juu ya mwaka 2008 ningependa kunyamaza, lakini taarifa yenye kunyamaza haina maana. Tangu mwaka 2000 redio za lugha za makabila zilikuwa zimeruhusiwa, nasi tulizifurahia, maana bibi zetu walisikia habari kwa lugha yao. Katika machafuko baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 baadhi ya vipindi vya redio hizo vililaumiwa kwa kutia watu chuki. Mtangazaji mmoja wa Kass FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Mwezi wa Aprili 2016 majaji waliifuta kesi yake bila ya hukumu ya hatia. Lakini hapa Naivasha, tarehe 27 Januari 2008 na siku iliyofuata, majirani waliwasaka majirani nyumba kwa nyumba kwa sababu ya kabila lao, wake kwa watoto wakateketezwa ndani ya nyumba. Redio haikushika kiberiti. Nimepekua majalada ya chama chetu ya mwaka ule: mna hesabu ya viti vya kukodisha na michango ya mazishi mawili. Hamna barua hata moja, wala ya kuwalaumu wauaji wala ya kuwaombea msaada waliofukuzwa, na baadhi yao walikuwa wanachama waliolipa ada.

Sasa nifike kwenye ziwa. Kando ya Ziwa Naivasha kuna chama kikongwe, nacho ni cha wenye mashamba ya ufuoni, kilichoanzishwa na masetla karibu miaka mia moja iliyopita. Mwaka 1933 kilipatana na Serikali kwa maandishi juu ya nchi iliyo ukingoni mwa maji, nani aitumie na nani asijenge. Karatasi ile waliitunza. Mwaka 1995 ziwa liliandikwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo ya maji yenye thamani duniani, na mwaka 1999 chama hicho kilipewa tuzo la Ramsar kwa ulinzi wake. Wafanya kazi wa maua, ambao ndio wengi katika mtaa wetu, hawakuwa na karatasi ya namna hiyo. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mashirika ya haki yalipoanza kusema juu ya dawa za sumu na mishahara, habari zao zilisikilizwa zaidi Ulaya, kwa wanunuzi wa maua, kuliko Nairobi.

Mwaka 2020 maji yalipanda yakaingia Kihoto. Mwaka 2025 yalipanda tena, na picha za milango yetu zikaonekana duniani kote. Waandishi waliokuja walikuwa watu wa adabu, nami niliwapeleka wawili kwa mashua. Walitaka mama mwenye mtoto mgongoni na maji nyuma yake. Mmoja nilimpa nakala ya barua yetu juu ya vyoo, shule na swali la mpaka wa ziwa. Aliitia mfukoni, na kwa kuwa mashua iliyumba nadhani ililowana. Ofisi moja tuliyoiandikia ilijibu kwamba haikupata barua yetu ya kwanza, na tulipotafuta nakala ili tuipeleke tena tukaona kwamba hatukuweka. Kosa hilo ni langu.

Kwa hiyo Halmashauri imenunua jalada jipya la barua zitokazo na daftari ya kuzipokea kwa sahihi. Vile vile imeweka mbele ya wanachama shauri la kuchapa karatasi ya habari ya kurasa mbili kila mwezi, kwa Kiswahili, itakayobandikwa sokoni, kituo cha matatu na milangoni mwa makanisa, na kupelekwa kwa simu kwa walio na simu. Katika karatasi ya kwanza mtaandikwa kina cha maji kwenye nguzo ya njia ya ziwani, kama kilivyopimwa kila Jumatatu. Gharama imo katika hesabu za ukurasa wa nyuma. Mwenye kupinga na alete hoja yake kwa maandishi kabla ya mkutano mkuu, naye atapewa risiti.